Kichochoro Kisicho na Mkazi

Kila panapozuka mjadala juu ya hali ya Mji Mkongwe wa Unguja, au wa Lamu, au wa Mombasa, hakosekani msomi mmoja wa kusema: "Mbona Dubai wameweza?" Kauli hiyo husemwa kwenye makongamano, huandikwa katika makala, na hupokewa kwa vichwa kutikiswa, hasa na wale kati yetu tuliozoea kushukia uwanja wa ndege wa mji ule tukiwa njiani kurudi nyumbani kutoka Ulaya au Marekani. Mtu ana saa tisa za kusubiri ndege ya pili. Anachukua teksi hadi ukingo wa hori, anatembea dakika arubaini katika mtaa wa Al Fahidi, anapiga picha za minara ya upepo, anakunywa kahawa, anarudi uwanjani. Akifika kwao ameshakuwa mtaalamu wa uhifadhi.

Nina ugomvi na kauli hiyo, na ningependa ugomvi huu ueleweke vizuri. Sisemi kwamba Dubai hawakuweza. Waliweza. Ninachouliza ni kwamba waliweza nini, na kama hicho walichokiweza ndicho tunachokitaka sisi.

Tuanze na sifa, kwa sababu inastahili kutolewa. Vichochoro vya Al Fahidi, ambavyo wenyeji huviita sikka, ni vyembamba kama vya Shangani au vya Mkomani, na kuvitia huduma za kisasa si kazi ya mchezo. Katika upenyo ambao watu wawili hupishana kwa mabega kuna haja ya kupitisha bomba la maji safi, bomba la maji taka, nyaya za umeme na za simu, na njia ya maji ya mvua. Maji taka yanahitaji mteremko, kwa hiyo bomba lake ndilo linalozikwa kwanza na ndilo linalozama zaidi. La maji safi halina budi kuwa juu yake na kando yake, ili moja likipasuka lisilichafue jingine. Nyumba za pande zote mbili zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa jasi, na misingi yake haikwenda chini sana. Ukichimba ovyo, ukuta unakufuata. Tena hapo ni ukingoni mwa maji ya chumvi: chimba kidogo tu, shimo linajaa maji. Chumvi hupanda ndani ya kuta kama mafuta yanavyopanda katika utambi, na ukuta humumunyuka kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeta. Anayepita leo katika mtaa ule haoni waya hata mmoja juu ya kichwa chake, wala hasikii harufu ya mtaro. Anaona mifuniko ya chemba imelala sawasawa na sakafu ya njia. Fundi yeyote wa pwani yetu atavua kofia.

Lakini chemba hizo zinapokea maji ya nani?

Hapo ndipo watembezi wa dakika arubaini hawafiki. Mtaa ule, uliojulikana kwa jina la Bastakiya mpaka ulipobatizwa jina la sasa mwaka 2012, ulijengwa na wafanyabiashara waliotoka Bastak na miji jirani ya upande wa pili wa Ghuba. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ushuru ulipobanwa katika bandari za Uajemi, hasa Lingeh, mtawala wa Dubai aliufanya ushuru wake uwe mwepesi, na biashara ikahamia alikokaribishwa mfanyabiashara. Matajiri hao walijenga karibu na ngome ya Al Fahidi, ambayo ilikuwapo tangu mwaka 1787, nyumba zenye ua katikati na barjili juu ya paa. Mnara huo hudaka upepo wa pande nne na kuushusha chumbani. Vichochoro vyenyewe vilielekezwa horini ili viwe njia ya upepo. Maana yake ni kwamba kabla ya kuwapo kampuni yoyote ya umeme mtaa ulikuwa tayari na mfumo wake wa kupoza hewa, na mfumo huo ulikuwa ni umbo la mtaa lenyewe.

Kampuni ya umeme iliundwa mwaka 1959. Mwaka uliofuata msanifu majengo John Harris akatoa ramani ya mji mpya wenye barabara za magari. Mafuta yakagunduliwa mwaka 1966. Wenye nyumba wakafanya alichofanya kila tajiri duniani: wakaenda kujenga kwenye nafasi, pale ambapo gari lingeegeshwa mlangoni na kiyoyozi kikafanya kazi ya mnara. Nyumba za zamani zikapangishwa. Wapangaji walikuwa wafanyakazi kutoka Bara Hindi, wengi wao katika nyumba moja, wengine wakilala mahali palipokuwa baraza la wageni la tajiri. Na vyumba vingine vikawa maghala. Katika miaka ya 1980 karibu nusu ya mtaa ilivunjwa ili kupisha ofisi mpya za mtawala. Nusu iliyobaki nayo ilikuwa kwenye foleni. Iliokolewa, kama inavyosimuliwa, baada ya msanifu wa Kiingereza, Rayner Otter, aliyekuwa akikaa humo, kupiga kelele, na baada ya Prince Charles kuutembelea mtaa mwaka 1989 na kuusifu. (Ni jambo la kukera, ingawa si la kushangaza, kwamba mtaa uliojengwa na Waajemi katika nchi ya Waarabu, ukapangwa na Wahindi, ulihitaji macho ya mwana wa mfalme wa Uingereza ili uonekane mzuri. Sisi wa Unguja tusicheke. Tunajua majengo yetu mangapi yalianza kuwa "urithi" siku mgeni alipoyataja.)

Ukarabati ulifuata katika miaka ya 1990 na kuendelea. Leo zimebaki nyumba zaidi ya hamsini: makumbusho ya kahawa, makumbusho ya sarafu, majumba ya sanaa, mikahawa, ofisi za jumuiya, hoteli ndogo chache. Wanaolala humo ni wageni wa hoteli hizo. Mtoto anayetumwa dukani, mama anayeita kutoka dirishani, mzee anayegombana na jirani kwa sababu ya maji yanayomwagika kutoka juu, hawamo.

Kwa maneno mengine, mabomba mazuri yale yalifika baada ya watu kuondoka. Hii ndiyo hoja yangu yote, na nitaishikilia.

Nitajibiwa kwamba hakuna aliyefukuzwa, kwamba wenye mali walihama kwa hiari yao wakiwa na ufunguo mfukoni. Ni kweli kwa wenye mali. Lakini huo ni nusu ya msafara. Baada yao waliishi watu wengine kwa takriban robo karne, wakapika, wakaanika nguo kwenye nyua, wakasali, wakaandika barua kwenda Kerala na Peshawar. Katika masimulizi ya kawaida ya mtaa ule, miaka yao huitwa miaka ya "uchakavu". Tajiri alipokuwapo, ilikuwa historia. Mpangaji alipoingia, ukawa uharibifu. Mpangaji alipotoka, ukawa ukarabati. Lugha ya namna hii humwondoa mtu nyumbani kabla ya notisi kufika.

Na lugha hiyo hiyo tunayo. Wasomaji wa jarida hili wanaijua historia ya Mji Mkongwe baada ya Mapinduzi ya 1964: nyumba zilizotaifishwa, wenyewe waliotawanyika Muscat, Dubai na London, na familia zilizoletwa au zilizokuja zenyewe kutoka mashamba na Pemba, nne au tano katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Ni rahisi sana, hasa ukiwa umeketi mbali, kuwaona wapangaji hao kama ndio ugonjwa wa mji. "Hawajui kuishi kwenye nyumba zile," nimeyasikia maneno haya kutoka kwa watu wenye shahada tatu. Sawa, lakini nyumba ya ghorofa tatu yenye choo kimoja na bomba lililotobolewa mara kumi kwa ajili ya kila familia haikuharibiwa na ujinga wa mpangaji. Maji yanayovuja ndani ya ukuta wa matumbawe na chokaa hufanya kazi yake usiku na mchana bila kuuliza nani anakaa. Anayetaka kuokoa nyumba hizo aanze na bomba na mtaro, na aanze wakati mpangaji yumo.

Badala yake sisi huanza na ukingo wa bahari. Sikatai uzuri wa bustani ya Forodhani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 kwa juhudi za taasisi ya Aga Khan, wala ukuta mpya wa Mizingani uliojengwa kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia, ambao kwa kweli ulihitajika kwa sababu bahari ilikuwa inaula mji. Lakini ni rahisi kuona ni kwa nini fedha hupenda kusimama pale: ndipo kamera inaposimama. Nyuma yake, hatua mia mbili tu kuingia ndani, mvua za masika zikishuka, kichochoro hugeuka mto na watu hupita juu ya baraza, wakishikilia kuta, viatu mkononi.

Baraza hizo ninaomba zitazamwe upya. Tumeandika mengi juu ya baraza kama mahali pa soga, siasa, bao na kahawa. Sina hakika kama dunia inahitaji makala nyingine ya namna hiyo. Tumesahau kwamba baraza pia ni miundombinu. Ni njia ya miguu wakati wa mafuriko, ni kinga ya mguu wa ukuta usipigwe na maji wala kukwaruzwa na gari la mkono, ni meza ya muuza samaki, ni kitanda cha mtu aliyekosa kitanda. Vivyo hivyo barjili na sikka za Dubai: vilikuwa huduma za umma kabla ya kuwa mapambo. Hubaki huduma kwa muda ule tu ambao kuna anayezihitaji. Barjili iliyokarabatiwa juu ya chumba chenye kiyoyozi ni kofia.

Ili mtu aone mantiki hii inakoishia, atoke Al Fahidi afuate ukingo wa hori kuelekea ndani. Atafika Al Seef, mradi wenye urefu wa kilomita 1.8 uliofunguliwa mwaka 2017. Sehemu yake ya kwanza ni mji wa kale uliojengwa jana: kuta zilizochubuliwa kwa makusudi, mbao zilizozeeshwa kiwandani, mabango yaliyopauka kabla ya kupigwa jua, na juu ya kichwa chako nguzo za mbao zenye nyaya zilizotundikwa ovyo ili paonekane pamekaa miaka mingi. Zingatia vituko hivyo viwili, visivyopishana umbali wa robo saa kwa miguu. Katika mtaa wa kale nyaya zimezikwa ili usisumbuliwe na dalili ya maisha. Katika mtaa mpya nyaya zimetundikwa ili udhani yapo maisha. Nyumba ya Unguja yenye waya halisi uliofungwa kwa kamba, unaopeleka umeme halisi kwa friji ya mjane anayeuza barafu, haina mahali katika mji wowote kati ya hiyo miwili.

Katika mjadala huu kuna wenzetu wa ughaibuni wanaoleta hoja ya boriti, na mimi huisikiliza kwa moyo mzito. Hoja ni hii: nyumba zile ni zetu pia, kwani dari zake zimebebwa na mikoko yetu. Ni kweli. Fito na boriti zilikatwa Lamu na delta ya Rufiji, zikapakiwa majahazini, zikapelekwa kaskazini kwa upepo wa kusi, na Waarabu wa Ghuba wakaziita chandal. Upana wa chumba cha Bastakiya, kama ulivyo upana wa chumba cha Lamu, unafuata kiasi ambacho boriti inaweza kubeba uzito wa dari bila kupinda, yaani mita tatu hivi au zaidi kidogo. Ndiyo sababu mtu wa Lamu akiingia humo mwili wake unatambua kipimo kabla ya akili. Biashara hiyo iliendelea mpaka Kenya ilipopiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982.

Lakini fahari hii ya boriti nayo ina kasoro ile ile. Tunadai mti, hatumdai mkataji. Waliozama tope hadi kiunoni ni Wabajuni na watu wa Rufiji ambao majina yao hayamo katika jumba lolote la makumbusho, la Dubai wala la kwetu. Kama tunataka kibandiko kiandikwe "boriti kutoka Lamu" badala ya "kutoka Afrika Mashariki", vizuri, nitatia saini ombi hilo. Ila nisingependa tuishie kuwa taifa la watu wanaotambua mbao zao katika dari za wengine huku dari zao wenyewe zikiporomoka. Na zinaporomoka: Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Lilikuwa limo ndani ya eneo lililoorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 2000, lina kila heshima ambayo jengo linaweza kupewa.

Kwa watu wa fasihi kuna jambo jingine la kuongeza. Sisi tunao utenzi mkubwa juu ya nyumba tupu, Al-Inkishafi, ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 19 juu ya magofu ya Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba yaliyoachwa akahesabu waliokosekana humo: watu, taa zao, sauti zao, wanyama walioingia baada yao. Tumeufundisha utenzi huo kwa vizazi kama wosia juu ya dunia inayopita, na ndivyo ulivyo. Lakini soma pia jicho lake la mjini. Ukuta haukuwa ndio kipimo chake. Ungempeleka mtu yule Al Fahidi leo, akaona chokaa imenyooka na taa zimefichwa vizuri chini ya vizingiti, nadhani angeuliza wenyewe wako wapi, kisha asingeridhika na jibu kwamba saa za kufungua ni kuanzia asubuhi.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya fedha. Mabomba hayalipiwi kwa mashairi. Mtalii ndiye anayelipa, na mtalii anataka hoteli. Sina dharau na hoja hii. Lakini itazamwe kwa hesabu ya fundi. Bomba hupimwa kwa idadi ya watu. Anayechora mfumo wa maji taka huanza kwa kuuliza: katika kila nyumba wataishi wangapi, watapika mara ngapi, wataoga saa ngapi? Ukimjibu kwamba patakuwa na hoteli na maduka, atakuchorea mfumo wa hoteli na maduka, na mfumo huo ukishazikwa utakaa miaka hamsini. Hoteli moja yenye vyumba thelathini na bwawa juu ya paa inaweza kuyavuta maji ya kichochoro kizima. Kwa hiyo mchoro wa mabomba ndio uamuzi wenyewe juu ya nani atakaa, na hufanywa mezani, katika lugha ya kipenyo na mteremko, ambapo hakuna msomi wa fasihi wala mpangaji aliyealikwa. Tunapokuja kupiga kelele juu ya mlango uliong'olewa au jina la mtaa lililobadilishwa, uamuzi umeshafukiwa zamani.

Pia bomba jipya hupandisha kodi. Hili halina siri. Nyumba iliyopata maji ya uhakika na choo kisichoziba ni nyumba ya bei nyingine, na mwenye nyumba ataliona hilo kabla ya saruji kukauka. Kwa sababu hiyo haki ya mpangaji kubaki lazima iandikwe kabla ya sururu ya kwanza. Unguja tuna chombo ambacho Al Fahidi haikukitumia hivyo: nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na wakfu kwa asili yake ni mali iliyoondolewa sokoni kwa ajili ya watu. Kichochoro chenye nyumba nyingi za wakfu ndicho kinachofaa kuanza. Ichimbwe njia moja kwa wakati mmoja, kwa mkono pale ambapo mashine itatikisa kuta. Wakazi wawekewe mabomba ya muda mwisho wa kichochoro. Chemba zipimwe kwa idadi ya wanaoishi sasa na watoto wao. Na rangi ya kuta iwe ya mwisho kabisa, hata kama mfadhili anaitaka iwe ya kwanza kwa ajili ya picha zake.

Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985. Haihitaji safari nyingine ya mafunzo Dubai. Inahitaji watu wachache wenye daftari, wapite kichochoro baada ya kichochoro kabla ya mkandarasi yeyote kutia saini, waandike kila mlango una familia ngapi, kila familia ina mkataba gani, inateka maji wapi na inayamwaga wapi, na daftari hilo libandikwe msikitini na sokoni ili aliyerukwa aweze kusema amerukwa.